Kreti moja, waendeshaji wawili: namna ya kwenda pamoja mkiwa mbali

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Iyunga, Mbeya. Tuna mradi wa mikono miwili ya roboti iliyofungwa kwenye meza moja, karakana iko Uyole. Mimi naendesha mkono wa kushoto nikiwa Iyunga, mwenzangu yuko Kihesa, Iringa, anaendesha wa kulia. Kuna mwenzetu wa tatu yuko Songea, huingia kwa simu kuzungusha kamera, na siku nyingine hushika mkono mmoja. Kazi ni kunyanyua kreti la parachichi na kuliweka juu ya mzani. Kila tukijaribu, mkono mmoja unatangulia, kreti linainama, matunda yanamwagika. Tumehesabu 'moja, mbili, tatu' kwa simu, tumeongeza bando, tumebadilisha hadi laini. Hakuna kilichobadilika. Amri zetu zinapitia seva ya kukodi iliyoko Ulaya; jedwali la vipimo vya pakiti zinazokwenda Uyole moja kwa moja nimeambatisha. Tufanyeje ili twende pamoja? Ndaga fijo (asante sana)."

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jedwali la vipimo uliloambatisha limenisaidia kuliko maelezo yote, kwa hiyo naliweka hapa ili wasomaji wengine watufuate. Pakiti (kifurushi kidogo cha data) kutoka Iyunga kwenda Uyole na kurudi huchukua milisekunde 44 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) kwa kawaida, ikichelewa sana 75. Kutoka Kihesa ni 60, ikichelewa 150. Songea kwa simu ni 95, ikichelewa 320.

Nianze na bando, maana hapo ndipo pesa yenu inapoishia. Bando kubwa ni barabara pana; halifupishi safari ya gari moja. Amri ya joistiki (kijiti cha kuendeshea) ni pakiti ndogo mno, inapita hata kwenye mtandao mwembamba. Wala umbali si adui yenu. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Iringa hadi Mbeya kwa barabara ni kama kilomita 330. Hata tuseme pakiti za mwenzako zinateremka kwanza Dar es Salaam ndipo zipande Mbeya, kama inavyotokea mara nyingi watu wawili wakiwa kwenye kampuni mbili tofauti, hiyo ni njia ya kilomita 1,400 hivi, na mwanga huimaliza kwa milisekunde 7. Kwenda na kurudi ni 14. Mmepima 60. Zile nyingine zote ni foleni: simu inasubiri mnara uipe zamu ya kupakia, Wi-Fi inagombania hewa na majirani, ruta imeshikilia pakiti yako kwa sababu mtu wa chumba cha pili anatuma video kwa ndugu zake.

Sasa niseme jambo ambalo jibu langu lote limesimama juu yake. Mmekuwa mkipigana ili ucheleweshaji uishe. Hauishi. Mnachoweza kufanya ni kuufanya uwe sawa kwa wote na usiyumbe, kisha kuiachia karakana ya Uyole kazi ya kuunganisha mikono, kwa sababu pale kutoka kompyuta hadi mota kuna waya wa mita mbili tu.

Nilikulia jirani na Mafinga, na utotoni nilikuwa nikikaa kando ya barabara kuwatazama vijana wakipakia magogo ya msitu wa Sao Hill kwenye malori. Gogo zito wanalishika watu sita au wanane. Yupo mmoja wa kuimba. Angalia anachofanya: hasemi "nyanyua" halafu watu wakanyanyua. Angefanya hivyo, aliye karibu angetangulia na aliye mwisho wa gogo angechelewa, na mgongo wa mtu ungeumia. Anaimba mstari, wenzake wanaitikia, na gogo linapanda kwenye pigo ambalo kila mmoja alishalijua kabla halijafika. Sauti yake inatoa taarifa ya wakati ujao. Aliyesikia mapema na aliyesikia kwa kuchelewa kidogo wote wana muda wa kujiweka tayari.

Ninyi mnafanya kinyume. Joistiki yako inaposogea, programu inatuma "panda", na mkono unapanda pakiti inapofika. Kwa hiyo kila mkono unafuata foleni ya mtandao wa mwenyewe. Mikono ikipanda kwa sentimita 10 kwa sekunde na amri moja ikatangulia nyingine kwa milisekunde 300, upande mmoja umeshapanda sentimita 3 kabla ya wa pili kuanza. Kwenye kreti lenye upana wa sentimita 40 hiyo ni nyuzi 4 na zaidi za mwinamo. Parachichi ni la mviringo. Nyuzi 4 na mshtuko mdogo zinalitosha kubingirika.

Na "moja, mbili, tatu" ya simu imeshindwa kwa sababu sauti nayo inachelewa, tena kwa kiasi chake, tofauti na kiasi cha video na tofauti na kiasi cha amri. Unaposema "tatu", mwenzako anaisikia baadaye huku akitazama picha ya mezani iliyopitwa na muda mwingine kabisa. Chris Chafe wa Stanford na wenzake waliwahi kuwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti wapige makofi pamoja, wakisikilizana kwa ucheleweshaji uliowekwa makusudi. Ucheleweshaji ulipokuwa mkubwa, mwendo wa makofi ulizidi kupungua, maana kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake, naye mwenzake anamsubiri yeye. Na mapema zaidi, mwaka 1965, William Ferrell wa MIT alionyesha kuwa mtu anayeendesha mkono wa mbali wenye ucheleweshaji huacha kuuongoza mfululizo. Husogeza kidogo, husimama, hutazama kilichotokea, husogeza tena. Mkiwa wawili mkifanya hivyo juu ya kreti moja, kila kusimama kwa mmoja ni kuinama kwa kreti.

Basi hatua ya kwanza ni saa. Huwezi kusema "nyanyua saa fulani" kama saa zenu hazikubaliani. Njia inayotumika duniani kote ni ile ya NTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kulinganisha saa za kompyuta, iliyoanzishwa na David Mills mwaka 1985, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Kompyuta yako inaandika wakati inapotuma ombi, tuseme 0. Kompyuta ya roboti, kwa saa yake, inaandika ilipopokea: 530. Inaandika ilipojibu: 532. Wewe unaandika jibu lilipofika, kwa saa yako: 62. Safari nzima ni 62 kutoa zile 2 za kule, yaani milisekunde 60. Tofauti ya saa ni wastani wa (530 − 0) na (532 − 62), yaani wastani wa 530 na 470: milisekunde 500. Saa yako iko nyuma ya ile ya roboti kwa nusu sekunde. Wala huna haja ya kuigusa. Hifadhi tu hiyo 500 na uiongeze kila unapotaka kujua "saa ya Uyole". Nasema saa ya Uyole makusudi. Hamhitaji kukubaliana na saa ya dunia. Wenye kazi ni roboti, kwa hiyo saa ya kompyuta ya roboti ndiyo iwe saa ya wote.

Hesabu hiyo ina mtego mmoja, na kwenye mitandao ya simu ndiyo unaowanasa watu. Inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Si sawa. Kupakia kwa simu kwa kawaida ni kugumu kuliko kupakua. Pakiti ikienda kwa milisekunde 45 na kurudi kwa 15, hesabu itakudanganya kwa 15 (nusu ya tofauti) na hakuna wastani wa vipimo elfu utakaoifuta hitilafu hiyo, kwa sababu imeegemea upande mmoja. Dawa ni kupima mara nyingi, kisha kuvitupa vipimo karibu vyote na kubaki na vile vilivyo na safari fupi kuliko vyote. Safari fupi ni ile iliyokuta njia nyeupe, bila foleni, na pasipo foleni kwenda na kurudi hukaribiana. Mimi hupima mara 20 ndani ya sekunde chache, nashika vitatu vya chini, narudia kila dakika moja.

Kwa nini kurudia? Fuwele ya kwatzi, kijiwe kinachotetema na kuendesha saa ya kompyuta, hailingani na nyingine. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni ni ya kawaida kabisa, na hiyo ni milisekunde 72 kwa saa moja. Ukipima asubuhi ukaridhika, mchana mmeshaachana.

Na tafadhali, ndani ya programu msitumie saa ya ukutani ya kompyuta, ile inayoonyesha tarehe. Tumieni kihesabu cha muda kisichorudi nyuma; lugha nyingi za programu zinacho. Hili nililijua kwa hasara. Katika karakana tuliyokuwa tukifanyia majaribio, laptopu ya mwenzangu ilijirekebisha saa yenyewe katikati ya kazi na kuruka nyuma karibu sekunde nzima. Ghafla kila amri yake ilikuwa na mhuri wa wakati uliokwisha kupita, kwa hiyo roboti ikazikataa zote. Mkono wake ukaganda, wangu ukaendelea kupanda. Tenga la nyanya lilikwenda sakafuni, na kibaya zaidi kifundo cha mkono wa kulia kilipinda. Tulikaa wiki mbili tukisubiri kipuri.

Saa zikishakubaliana, kila amri ibebe mhuri wa wakati ujao. Joistiki ikisogea, programu isiseme "panda", iseme "saa ya Uyole ikifika hapa, mkono uwe kwenye nafasi hii". Amri inafika mapema, inakaa foleni ndani ya kompyuta ya roboti, na wakati ukitimia amri zako na za mwenzako zinatekelezwa kwa pamoja. Wewe wa Iyunga ambaye pakiti zako hufika haraka utasubirishwa zaidi, mwenzako wa Kihesa atasubirishwa kidogo, na kreti halitajua nani alitangulia.

Muda wa kusubiri uwe kiasi gani? Hapa ndipo jedwali lenu linapofanya kazi. Msichukue wastani, wastani unamaanisha karibu nusu ya amri zinachelewa. Chukueni kilele. Mimi huichukua namba nzima ya kwenda na kurudi kana kwamba yote ni ya kwenda, kwa sababu foleni mbaya mara nyingi iko upande wa kupakia. Kihesa kilele ni 150, ongeza kidogo, wekeni 180. Utasikia mkono mzito kidogo, lakini ni uzito ulio sawa kila mara, na binadamu anauzoea uzito ulio sawa. Tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux akiwa New York alimfanyia mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kwa kutumia roboti, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ucheleweshaji wa mzunguko mzima, kutoka mkono wa daktari hadi picha kumrudia, ulikuwa kama milisekunde 155. Uliwezekana kwa sababu laini ile ilikuwa maalumu, ucheleweshaji wake haukuyumba. Daktari angepewa 60 mara hii na 320 mara ijayo, asingeweza kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo mwenzenu wa Songea, kwa kilele cha 320, asishike mkono wa kunyanyua. Sisemi kwa kumdharau. Mkimwingiza kwenye kreti, itabidi wote mvute hadi 350 na kazi itawachosha. Kamera inamfaa, kwa sababu kamera ikichelewa theluthi ya sekunde hakuna kinachomwagika. Siku akipata waya wa mkongo badala ya simu, mpimeni upya.

Namna ya kutuma nayo ina uzito. TCP na UDP ni kanuni mbili za kutuma pakiti mtandaoni. Kama mmetumia TCP, hamieni UDP kwa amri za mwendo. Anayejua kona za mlima Kitonga ataelewa upesi. Lori moja likifia kwenye kona, walio nyuma yake wanasimama wote, hata wenye injini nzima, mpaka lile litolewe. TCP inafanya hivyohivyo: pakiti moja ikipotea, zinazofuata zinazuiwa mlangoni mpaka ile iliyopotea itumwe tena, kisha zinaachiliwa kwa mkupuo. Kwa barua hiyo ni sahihi kabisa. Kwa mkono unaosogea ni hatari, maana amri ya robo sekunde iliyopita haina kazi tena. UDP huiacha iliyopotea ipotee. Ili msiumie nayo, fanyeni mambo mawili: kila pakiti ibebe pia amri tano au sita zilizotangulia, ni baiti chache tu, na amri iseme nafasi ya kufikia, isiseme hatua ya kuongeza. "Panda sentimita 2" ikipotea mara moja, mkono umekosea milele. "Kaa kwenye kimo cha sentimita 14" ikipotea, inayofuata inaisahihisha.

Video inadai uangalifu wake. Wewe unaona meza ya muda fulani uliopita, mwenzako anaona ya muda mwingine, halafu mnabishana kama kreti limenyooka. Kila fremu ipigwe mhuri wa saa ya Uyole, na mwenye mtandao mwepesi aicheleweshe picha yake hadi ilingane na ya mwenzake. Mtaona itawauma kuipunguzia kasi picha nzuri, lakini ni afadhali wote wawili kuona meza moja ya zamani kidogo kuliko kila mtu kuona yake. Kujua ni kiasi gani, wekeni kishikwambi kinachoonyesha saa ya roboti kwa milisekunde, tarakimu kubwa, mbele ya kamera. Kila mmoja afungue kwenye skrini yake dirisha dogo lenye saa ya Uyole aliyoikokotoa, kisha apige picha ya skrini nzima kwa simu. Tarakimu ndani ya video zitasema moja, dirisha litasema nyingine, na tofauti ndiyo ucheleweshaji wa video yako, umeandikwa kwenye picha. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza sikuamini: amri zilikuwa zikichukua chini ya milisekunde 50, video karibu 400. Tulikuwa tumekaa miezi tukilaumu amri.

Ili mkono usionekane mzito, chora kwenye skrini kivuli chepesi cha mkono kinachosogea papo hapo na joistiki, mkono wenyewe ukifuata. Jicho linashika kivuli, na ile tabia ya kusogeza na kusimama inapungua sana.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo ningeanza nalo kama tungekuwa tumekaa pamoja karakanani. Mkiwa mmelishika kreti, msiendeshe mkono mmoja mmoja. Mikono miwili iliyoshika kitu kimoja kigumu ni kama watu wawili waliofungwa kamba viunoni: kosa dogo la mmoja ni mvuto kwa mwingine. Hata mkilinganisha saa hadi milisekunde 5, mota zinazong'ang'ania nafasi zilizoamriwa zitasukumana kupitia kreti, na kreti la plastiki litapasuka kabla mota hazijakubali kushindwa. Ondoeni mikono kwenye mawazo yenu. Kitu mnachoendesha kiwe kreti. Amri iseme kreti lipande kiasi gani, lisogee wapi, lielekee wapi. Kompyuta ya Uyole ndiyo igawe amri hiyo kwa mikono yote miwili, mara 500 kwa sekunde au zaidi, pale mezani, bila intaneti kuhusika. Na mikono iwekewe ulaini, yaani ikisukumwa ikubali kidogo badala ya kukaza.

Ninyi wawili mgawane kreti, na mgao huo si wa kushoto na kulia. Mmoja ashike kimo na mwinamo, mwingine ashike mwendo wa mbele, nyuma na pembeni. Hapo amri zenu hazigongani hata mmoja akichelewa: kreti litapanda kwanza kisha lisogee, basi. Njia nyingine ni kuchanganya amri zenu kwa wastani, nimeijaribu na siipendi. Mmoja akivuta kushoto na mwingine kulia kukikwepa kitu, wastani unakupeleka katikati, palepale kwenye kitu. Kama lazima wote mshike kila kitu, tumieni kibali. Kwenye reli ya njia moja treni mbili haziingii kipande kimoja bila ruhusa. Aliye na kibali anaendesha, mwenzake anatazama na ana uwezo wa kusimamisha, na kibali kinatolewa na kompyuta ya roboti peke yake. Msikipitishe kwa maneno ya simu.

Kurudisha nguvu kwenye joistiki, ili mkono wako usikie uzito wa kreti, msikuguse kwa sasa. Nguvu inayorudi kwa kuchelewa inaisukuma roboti kuyumba, na kuyumba kunajikuza. Kuna hesabu za kulidhibiti, za Anderson na Spong mwaka 1989, kisha Niemeyer na Slotine mwaka 1991, lakini hiyo ni kazi ya mradi mwingine.

Kusimama. Amri ya mwendo husubiri wakati wake. Amri ya kusimama haisubiri chochote. Ikifika, mikono yote miwili inasimama papo hapo, haijalishi nani ameituma, hata yule wa kamera. Pakiti za mmoja wenu zikikatika kwa milisekunde 250, kompyuta ipunguze mwendo wa mikono yote miwili kwa upole na kuishikilia pale ilipo. Kamwe isisimamishe mmoja tu. Na karakanani awepo mtu mwenye kitufe chekundu cha waya, kinachokata umeme wa mota moja kwa moja, na mota ziwe na breki zinazoshika umeme ukikatika. Mvua za Mbeya na radi zake mnazijua wenyewe. Kompyuta ya roboti na ruta ziwe kwenye betri.

Mtandao wenyewe: waya badala ya Wi-Fi kwa waendeshaji wote wawili, hata kama ni kununua mita 20 za waya na kuupitisha dirishani. Kwenye ruta, washeni udhibiti wa foleni kama upo (tafuteni neno fq_codel kwenye mipangilio yake), kisha kasi ya kupakia muiwekee kikomo chini kidogo ya ile mliyoipima, asilimia 85 hadi 90, ili foleni ijengeke ndani ya ruta mnayoitawala na isijengeke kwa kampuni. Umeandika pia kwamba amri zenu zinapitia seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Itoeni huko. Pakiti inashuka Dar es Salaam, inavuka bahari, inarudi bahari, inapanda Mbeya, wakati roboti iko Uyole na wewe uko Iyunga, mwendo wa daladala. Mei 2024 kebo za EASSY na SEACOM zilipokatika baharini, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilitetereka. Mradi wenu siku hiyo ungesimama kwa tatizo lililoko chini ya Bahari ya Hindi. Seva iwe karakanani penyewe, au ikishindikana kwa sababu laini nyingi za simu hujificha nyuma ya anwani moja ya intaneti na karakana haifikiki kutoka nje, basi iwe Dar es Salaam.

Mpangilio wa kazi ningeufanya hivi. Wiki hii roboti izimwe kabisa. Andikeni saa na mihuri, tumeni amri za uongo kutwa nzima, mchana na ile saa ya jioni mitandao inapojaa, kisha mchore ni ngapi zilifika kabla ya wakati wake na ngapi zilipitwa. Zikipitwa zaidi ya moja katika mia, ongezeni muda wa kusubiri. Baadaye washeni mikono bila kitu. Kisha chukueni beseni pana, jazeni maji hadi nusu, liwekeni ndani ya kreti tupu na mlinyanyue. Maji yanaonyesha mwinamo mapema kuliko macho yenu kwenye video, na yakimwagika hakuna hasara. Chorea mstari wa kalamu ya wino ndani ya beseni, usawa wa maji yakiwa yametulia, kamera iutazame. Mkinyanyua na kushusha mara hamsini, jioni, mtandao ukiwa umejaa, na maji hayajaupita mstari kwa zaidi ya kidole kimoja, ndipo mwende sokoni mkanunue parachichi.